Michezo ya kuwasaidia wanafunzi kuikariri hotuba ya Antony

Swali: Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanafunzi wangu wamekwama katika hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, mbele ya maiti ya mtawala huyo wa Roma aliyeuawa, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963. Wanaikariri kama wimbo, na neno moja likiwaponyoka, yote yaliyobaki hupotea. Je, kuna mchezo unaoweza kuwasaidia?

Jibu la 1: Ndugu, mimi huikata hotuba hiyo vipande vya karatasi, nikavichanganya, kisha kila kundi huvipanga upya na kuutetea mpangilio wake. Ubishi huwa mkali kuhusu wosia wa Kaizari, kwa kuwa Antony anautaja mapema, anakataa kuusoma, anaonyesha kwanza joho la marehemu lenye matundu ya visu, na mwishoni kabisa ndipo anapotangaza kwamba kila raia ameachiwa drakma 75 (sarafu za fedha). Aliyeelewa ujanja huo hapotei njia.

Jibu la 2: Naongezea. Darasa zima liwe umati wa Roma: kila Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, anapoitwa mtu wa heshima, waitikie, mara ya kwanza kwa kukubali, na baadaye kwa kuguna. Joho letu lilikuwa kanga kuukuu. (Mwonye mwalimu wa darasa la jirani mapema, mimi sikumwonya.)

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kesho nitaanza na vipande, kanga nitaiomba nyumbani.