Naomba ushauri: mtoto aendelee na judo au aache kwanza?

Wazazi wenzangu wa Bukavu, hamjambo. Kijana wangu ana miaka 9, tunakaa Kadutu. Zamani hesabu ikimshinda alitupa daftari na kulia. Tangu aanze judo, miezi 5 sasa, amebadilika. Kule wanafundishwa kwanza kuanguka bila kuumia, halafu kutumia nguvu za mwenzako badala ya kushindana nazo. Mbinu moja ikikataa, unatafuta nyingine. Juzi alikwama kwenye zoezi la kugawanya, akaniambia, "Papa, ngoja nilianze kwa upande mwingine." Nilifurahi mno! Lakini mama yake anataka aache mpaka mitihani ipite, maana anarudi amechoka. Mimi naogopa atapoteza uvumilivu huo. Mliopitia hili, mlipunguza siku au mlisimamisha kabisa?