Naomba ushauri: buni ya kahawa inaungua nje, ndani mbichi
Wakuu habari zenu. Nipo Moshi, shemeji kaniletea buni za aina ya arabika kutoka shambani kwao Kibosho, nazikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma, jiko la mkaa. Nje zinakuwa nyeusi, zinang'aa mafuta. Nikipasua moja, ndani bado imepauka. Nikitwanga na kuchemsha, kikombe kinatoka kichungu na kina ukakasi wa kushika ulimi.

Vipimo sina shaka navyo, gramu 60 kwa lita 1 ya maji. Sukari siweki, na maziwa kwenye kahawa ya Kilimanjaro ni kuionea kabisa!

Nipunguze mkaa, au nikaange kidogo kidogo? Na mnazipumzisha siku ngapi kabla ya kutwanga? Zimebaki kilo 2 tu, sitaki kuziharibu.