Mbwa anakuna sikio na kulamba miguu: dawa za cheti nazipataje?

Mkazi wa Goba: Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa dume wa miaka 3, kilo 18. Sikio la kulia linatoa uchafu wa kahawia wenye harufu ya uchachu, na analamba vidole mpaka manyoya ya katikati yamekuwa mekundu. Inatulia, inarudi. Duka la pembejeo wanashauri achomwe OTC 20% (sindano ya oksitetrasaiklini), na famasi hawatoi prednisoloni, dawa ya kutuliza mwasho, bila cheti. Nianzie wapi?

Fundi Mifugo: Mkuu, OTC weka pembeni. Hiyo ni ya bakteria, wakati uchafu wa kahawia wenye uchachu mara nyingi ni fangasi aina ya Malassezia. Ila rangi peke yake haitoshi kuandikia dawa. Tafuta daktari mwenye hadubini: anachukua uchafu kwa kijiti cha pamba, anaupaka kwenye kioo, anatia rangi, na dakika chache tu anajua. Fangasi hao wana umbo la karanga ya mbegu mbili. Bakteria ni vidoti au vijiti. Akiona vijiti, omba sampuli ioteshwe maabara, kwa sababu huenda ni Pseudomonas, sugu kwa dawa nyingi. Uchafu mweusi, mkavu, wa chengachenga mara nyingi ni utitiri, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Lazima pia amulike ndani aone kama ngoma ya sikio ni nzima. Gentamisini au neomisini, antibiotiki za matone ya sikio, ikipenya ngoma iliyotoboka inaweza kumwacha kiziwi, au anatembea kichwa upande. Kwa hiyo matone ya binadamu usimtilie kwa kubahatisha.

Mama Famasi: Cheti kiandikwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Hakikisha kina jina lako, neno "mbwa", uzito, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, sahihi, muhuri na namba ya usajili. Uzito usipoandikwa, mfamasia hana namna ya kuhakiki dozi.

Prednisoloni ya kutuliza mwasho kwa kawaida huanzia miligramu 0.5 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 18 ni miligramu 9, karibu sawa na vidonge 2 vya miligramu 5 asubuhi akishakula, kisha daktari anaipunguza taratibu. Atakunywa maji mengi na kukojoa sana, usishtuke. Lakini usiichanganye kamwe na diklofenaki wala ibuprofeni: tumbo na utumbo vinaweza kutoboka.

Fundi Mifugo: Naongezea usafishaji, maana hapo ndipo tiba nyingi zinapoharibika. Njia ya sikio la mbwa inashuka, halafu inakata kona kuingia ndani, hivyo matone juu ya uchafu hayafiki chini. Jaza dawa ya kusafishia, kanda shina la sikio kama sekunde 30 mpaka usikie linachubwika, mwache atikise kichwa, futa kwa pamba mkononi. Kijiti kinasukuma uchafu ndani zaidi. Spiriti inaunguza ngozi iliyochubuka. Subiri dakika 10 ndipo utie matone. Na usiache dawa kwa sababu harufu imeisha. Arudi kupimwa kwa hadubini kwanza.

Jirani wa Temeke: Masikio pamoja na miguu, hapo nashuku mzio. Usipoutibu, sikio litarudi tu. Anza na viroboto: dawa ya kinga kwa wanyama wote wa nyumbani. Kisha chakula cha majaribio wiki 8, nyama moja ambayo hajawahi kula, mfano sungura na viazi, bila makombo yoyote ya mezani. Mwasho ukibaki, muulize daktari kuhusu Apoquel, vidonge vya kutuliza mwasho wa mzio kwa mbwa. Kwa uzito huo ni nusu ya kidonge cha miligramu 16, mara mbili kwa siku hadi siku 14, halafu mara moja. Haipewi mbwa chini ya mwaka mmoja.

Mkazi wa Goba: Asanteni sana. Kuna paka pia ndani, dawa ya viroboto ya mbwa inamfaa?

Mama Famasi: Hapana mkuu! Soma pakiti. Ikiwa na permethrini, paka anaweza kutetemeka, kudegedega na kufa, hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa. Na Panadol usimpe paka kabisa.