Vipande vya vitenge vimejaa chumba, lakini nikitaka kushona blanketi la viraka naona sina kitambaa

MamaViraka (Tabata)

Habari za jioni wapendwa.

Nashonea watu nguo hapa nyumbani na mabaki huwa siyatupi. Kitenge, khanga, batiki, mpaka vya sare za harusi. Sasa nina mifuko ya shangazi kaja chini ya kitanda na juu ya kabati, mzee wa nyumba ameanza kuuliza kama tunahama.

Nataka kushona mablanketi ya viraka, nianze na la kitanda cha futi 5 kwa 6. Shida ni kwamba nikimwaga mfuko sakafuni hakuna kipande kinachokubaliana na mwenzake. Naishia kwenda Kariakoo kununua kitenge kingine kizuri, nacho kikifika nyumbani kinazidisha ugomvi.

Wenzangu mnapanga vitambaa kwa rangi, kwa ukubwa au kwa aina? Na ninunue nini ili hii akiba iwe akiba kweli? Halafu mfuko mmoja umeanza kunuka ukungu, nisaidieni na hilo.

FundiTemeke

Dada, anza na aina, rangi utaziona baadaye.

Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye kila kitambaa unachokitilia shaka, washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu laini. Poliesta inayeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Maandishi ya ukingoni usiyaamini sana, kuna vitenge vimeandikwa pamba tupu na pasi ikipata moto vinaigandia.

Ukichanganya hivyo viwili kwenye blanketi moja utajuta siku ya kufua. Pamba inasinyaa, poliesta haisinyai, mishono yote inajikunja. Poliesta itoe kabisa, shonea mikoba.

NyotaYaTanga

Fundi kasema kweli, lakini shoga yangu, mimi naona ugonjwa wako uko kwenye rangi hasa. Akiba yako yote ni vitenge vyenye maua makubwa! Kwenye taarabu mwimbaji ni mmoja, wengine wanaitikia. Wewe umekusanya waimbaji watupu.

Kinachokosekana ni vitambaa vya rangi moja. Popilini ya pamba rangi ya maziwa, ya kijivu, ya udongo, na moja nyeusi au bluu nzito. Tafuta pia vyenye nukta au vimistari vidogo. Kitenge chenye ua la ukubwa wa sahani ukikikata vipande vya inchi tatu, ua lenyewe halionekani, unabaki na vurugu. Hicho kikate vipande vikubwa, au kiweke nyuma ya blanketi kikiwa kizima.

Jaribu na hili: panga vipande sakafuni, piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nakuhakikishia utaona kijivu kizito kitupu. Vitenge vingi viko hapo katikati, hata kama kimoja ni chekundu na kingine kijani. Ndiyo maana hakuna kinachojitokeza mbele ya mwenzake. Ukishaona hivyo utajua cha kununua, na mara nyingi ni vyeupevyeupe.

Mzee_wa_Nyamagana

Popilini ndiyo, ila dada, usirudi nyumbani na bafta nyeupe imekunjwa yadi kadhaa. Mama mkwe ataanza kuuliza nani kafariki.

NyotaYaTanga

😂😂 Mzee wewe! Lakini ni kweli, na bafta yenyewe ni nyepesi mno.

BiLeso_Mvita

Mwanangu, salamu kutoka Mombasa. Niongeze kuhusu leso, hiyo mnayoiita khanga, maana naona umeitaja kwa haraka.

Leso ni nyepesi kuliko kitenge cha wax. Ukiunganisha kipande cha leso na cha wax, ile leso huvutika na mraba ukatoka pembe. Ipake wanga mwepesi, ipige pasi ikauke, ndipo uikate. Na usiikate ovyo. Leso ina pindo ukingoni, ina mji katikati, ina jina, yaani yale maandishi. Pindo ni mali, hilo hutoa ukingo mzuri wa blanketi bila kuhangaika. Jina likate refu kama lilivyo ulishone lisomeke, si maneno yakatike nusu. Mimi zile kuukuu zenye chapa ya Mali ya Abdulla nimezitenga kwenye foronya ya peke yake, hizo hazichanganywi na mabaki.

Sasa ukungu. Nguo mpya ina wanga wa kiwandani, na wanga huita wadudu. Fua kwanza, anika, ikauke kabisa, ndipo uweke. Vipande vidogo vitie ndani ya foronya, funga mdomo, ufue hivyo hivyo, visije vikachambuka nyuzi zote. Huku pwani mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hufungia unyevu ndani. Tumia sanduku la mbao au kapu lenye kupitisha hewa, tia karafuu chache, na kila baada ya muda fungua upunge hewa. Jua la kukaushia sawa, lakini usiweke akiba dirishani, rangi huenda.

Nyekundu na bluu nzito zijaribu: loweka pamoja na kitambaa cheupe kwenye maji ya vuguvugu. Kikibadilika rangi, fua tena na tena. Kama haiishi, mkosi huo, utoe. Watakwambia utie chumvi. Chumvi haizuii rangi ya siku hizi kuchuja.

MamaViraka

Asanteni sana, Bi Leso nimekuamkia, shikamoo. Nilikuwa na picha ya simu kabla hata sijamaliza kusoma, na kweli ni kijivu kitupu 🙈

Fundi, swali: nitajuaje kipande kipi kinafaa kubaki na kipi nitupe? Na kwa kitanda hicho nahitaji kiasi gani?

FundiTemeke

Ukubwa: kuanzia nusu yadi kwenda juu, kunja kwa kipimo kimoja, panga kama vitabu ili uone kila kimoja. Vya kati vikate sasa hivi miraba, usingoje. Vyembamba vikate mikanda ya inchi 2 na nusu. Visivyofika hapo jazia mito.

Hesabu: ukitaka mraba ubaki inchi 6, kata inchi 6 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo kila upande. Kitanda ni inchi 60 kwa 72, hiyo ni miraba 10 kwa 12, jumla 120. Yadi moja yenye upana wa inchi 45 inatoa miraba 30. Kwa hiyo juu peke yake ni yadi 4, bila ya kuning'inia pembeni. Nusu ya miraba iwe ya rangi moja, yaani yadi 2 za popilini kama upana ni huo huo. Nyingine zote unazo chini ya kitanda.

BiLeso_Mvita

Marahaba mwanangu. Na hiyo popilini uifue kabla ya kukata.

MamaViraka

Jumamosi naenda Kariakoo. Natembea na vipande vya mfano kwenye pochi, na vitenge sitaviangalia.

NyotaYaTanga

Pita njia nyingine kabisa shoga, maana ukiviona tu umekwisha.