Tupeane uzoefu: ukurasa wa mtandao wakati wa kusakinisha seva

Mkazi wa Nyegezi: Wakuu, leo nimesakinisha Ubuntu Server, mfumo endeshi wa seva, ofisini, na nilipofika kwenye ukurasa wa mtandao nikakumbuka jinsi unavyotutoa jasho. Kwenye kisanduku cha kwanza (Subnet) wengi huandika 255.255.255.0, kikakataa, kwa kuwa pale hutakiwa anwani ya mtandao pamoja na ukubwa wake, mfano 192.168.1.0/24. Mwenye kisa na akilete.

Fundi wa Kirumba: Changu ni cha Nansio, kisiwani Ukerewe. Duka moja la jumla lilisakinishiwa seva na fundi aliyenitangulia, ambaye aliiacha DHCP, ile huduma ya ruta ya kugawa anwani za mtandao, iichagulie seva anwani, akajaribu mauzo kidogo, akalipwa, akapanda kivuko kurudi Mwanza. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ilikuwa imesahau anwani ilizogawa, simu ya muuzaji mmoja ikaiwahi ile ya seva, iliyoishia na 20, na seva ikapewa inayoishia na 37. Kompyuta za kaunta, ambazo zilikuwa zimeandikiwa 20, zikawa zinaiomba simu bei ya sukari. Nilikuta wauzaji wanaandika risiti kwa mkono, foleni imefika barabarani, na mwenye duka ameshaamini kwamba hesabu zake zote zimepotea. Niliipa seva 192.168.1.10 kwa mkono, nikaiagiza ruta ianze kugawa kuanzia 100, kisha nikazirekebisha kompyuta za kaunta moja baada ya nyingine.

Dada wa Igoma: Hapo kwenye simu nimecheka peke yangu ofisini. Yametukuta wengi.

Mzee wa Pasiansi: Kwa heshima, mdogo wangu, ulijisumbua bure. Ungeingia kwenye ruta ukaitengea seva anwani kwa kufuata namba ya kadi yake ya mtandao, usingegusa seva wala kaunta.

Fundi wa Kirumba: Shikamoo mzee. Na siku ruta itakapoungua na radi, wakanunua nyingine?

Mzee wa Pasiansi: Marahaba. Ruta mpya ikija na 192.168.0.1, hata hiyo 10 yako haitafika popote.

Mkazi wa Nyegezi: Mzee amekubana.

Kijana wa Mabatini: Mimi huchomoa kebo, nasakinisha Debian, mfumo mwingine kama Ubuntu, bila mtandao, kisha naandika anwani baadaye kwa utulivu. Wanaobishana na kisakinishi wana muda wa kupoteza.

Dada wa Igoma: Baadaye gani, wakati seva iko Sengerema na wewe uko Mabatini? Kwenye Ubuntu, ukiwa mbali, tumia amri ya «netplan try» kujaribu mipangilio mipya ya mtandao: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani hurudi yenyewe. Na usiweke tabu (kitufe cha Tab) kwenye lile faili la mipangilio ya netplan, tumia nafasi tu, la sivyo litakukatalia.

Kijana wa Mabatini: Ndiyo maana nipo Debian.

Mkazi wa Nyegezi: Tusianzishe vita hiyo hapa. Fundi, yule mwenye duka alikulipa?

Fundi wa Kirumba: Nusu kwa fedha, nusu kwa sato. Aliyenitangulia alilipwa yote.