Wauza msasa na unga wa kusagia mawe, mnatuuzia namba hewa!

Wakuu, leo nimekasirika na sitaki mtu wa "tulia kwanza".

Nina kaunta ya jikoni ya terazo (saruji iliyochanganywa na vikokoto vya marumaru), nimeimwaga mwenyewe nyumbani na naing'arisha kwa mkono, kwa maji na unga wa silikoni kabaidi, zile chembe ngumu za kusagia mawe. Aliyewahi kusimamia kazi hii anajua mwendo wake: unaanza na unga wa 80 kula saruji ya juu hadi vikokoto vya marumaru vijitokeze, unaziba vitundu kwa uji wa saruji, unaacha ikomae, kisha unapanda 120, 220, 400 (namba ikipanda, chembe zinazidi kuwa ndogo). Kila namba ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyopita. Namba ikiwa ya uongo, umesugua bure.

Nimefika 400, nainama kuangalia kwenye mwanga wa dirisha, naona mikwaruzo mirefu iliyopinda, inaanzia katikati ya kaunta na kuishia popote inapotaka. Kabla hamjaniambia sikumaliza 220 vizuri: mikwaruzo ya namba iliyopita hutapakaa kila mahali na hupungua ukiendelea kusugua. Hii yangu inaongezeka!

Nikarudi dukani, Kariakoo (jina silitaji, uzi utafutwa). Mifuko mitatu iko wazi, imebanana mdomo kwa mdomo, na kopo moja la maziwa ya unga ndilo la kuchotea yote. Kijana anachota 80 ya mteja, anagonga kopo ukingoni, analizamisha kwenye 400. Mbele ya macho yangu. Nikauliza, nikajibiwa: "Bro, zote si unga wa jiwe tu?"

Hapana, bro. Unga wa F80 (F ni kipimo cha unga mtupu, P ni cha msasa) chembe yake ni kama mikroni 185, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. F400 ni mikroni 17 hivi. Zaidi ya mara kumi! Chembe chache tu zikiingia humo zinachora kaunta nzima, na kufuta mikwaruzo yake unarudi nyuma hatua mbili. Tangu Edward Acheson akipike kitu hiki kwenye tanuru la umeme kule Marekani mwaka 1891, viwanda vinahangaika kuchekecha chembe zilingane, halafu kazi yote inakufa kwenye kopo la maziwa.

Na msasa wa karatasi nao? Mgongoni pameandikwa "400" basi. 400 ya nani? P400 ya msasa wa Ulaya ni mikroni 35, yaani mara mbili ya ule unga wa F400. 600 ya kipimo cha Kimarekani inakaribiana na P1200. Ile herufi si pambo, bila hiyo namba haina maana. Muulize muuzaji, atakuangalia kama unamtafutia ugomvi.

Huo "msasa wa maji" wao niliuloweka kwenye ndoo, karatasi ikawa uji na chembe zikabaki viganjani. Wa kweli hutengenezwa kwa gundi isiyoyeyuka na karatasi iliyotibiwa isinywe maji. Weusi si ushahidi wa kitu, rangi yoyote inapakwa. Tena wanauza oksidi ya alumini na silikoni kabaidi kama kitu kimoja, wakati ya kwanza ni ngumu kuvunjika na inafaa mbao na chuma, ya pili ni kali zaidi ila inavunjikavunjika, na ndiyo ya mawe, vioo na rangi ya gari.

Najua kuna mtu keshaanza kuandika "mchagua jembe si mkulima". Mkuu, mimi sichagui jembe, nimeuziwa shoka nikaambiwa ni jembe.

Mlionunua unga wa kupimiwa, fanyeni hivi kabla hamjaharibu kazi. Tia kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, hesabu hadi tano, mimina maji machafu kwenye chombo kingine. F400 halisi huelea kwa dakika kadhaa, chembe za 80 zinadondoka papo hapo. Kilichobaki chini kisugue juu ya kipande cha kioo kibovu. Kikikwaruza kwa sauti, umepigwa. Ule uliomiminwa uache utulie, huo ndio unga wako, nusu ya ulicholipia. Na msiumwage kwenye sinki, unaganda kwenye bomba.

Wanaosema eti nisage kavu kwa grenda niachane na unga: vumbi la mchanga na saruji ndani ya nyumba yenye watoto? Mapafu yakishaharibika kwa vumbi lile hayarudi.

Sasa swali. Nani anajua duka, Dar au kokote, linalouza pakiti zilizofungwa kiwandani, zenye herufi na aina ya chembe? Wakata vito wa Arusha, najua wengi mmehamia kwenye kusagia kwa chembe za almasi, lakini wale mnaotumia bado silikoni kabaidi mnachukua wapi? Bei haijalishi. Kopo la maziwa sitaki kuliona tena.