Basi la Babu: gumzo la kikundi cha ukoo

IJUMAA

Kaka: Shikamooni wazee. Lile basi la Babu bado lipo! Nimepita leo Korogwe, limeegeshwa nyuma ya nyumba ya wageni, majani yamefika madirishani. Familia ya mwenye basi inauza. Wanataka milioni 12.

Mama Mdogo: Marahaba. Lipi, lile Scania la bluu aliloendesha baada ya kuacha kazi KAMATA?

Kaka: Hilo hilo mamdogo. Bluu imebaki mlangoni tu.

Binamu Muscat: KAMATA ndiyo nini?

Mama Mdogo: Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1970, ilipofika 1974 ikaigawa: UDA (Usafiri Dar es Salaam) ikapewa Dar, KAMATA mikoani. Babu yako alikuwa njia ya Tanga.

Binamu Muscat: Sawa. Lakini milioni 12 kwa chuma chakavu, jamani?

Kaka: Wa chuma chakavu ndio wanaonitia haraka. Wameshakuja kulipima kwa macho. Tukichelewa tutakuta limekatwa vipande.

Mama Mdogo: Bibi yuko hapa nimemsomea. Anasema asilipwe mtu hata senti mpaka mjomba wenu fundi wa Kibaha azungumze.

Mjomba Fundi: Marahaba wanangu. Nimeziona picha. Hiyo ni 112. Namba inasomeka hivi: 11 ni ujazo wa injini, lita 11, na 2 ni toleo. Ni gari la miaka ya 80. Scania za wakati ule ziliunganishwa hapa hapa Kibaha, pale TAMCO, na injini yake siiogopi hata ikiwa imekufa. Inafufuka. Chesisi iliyooza na karatasi zenye utata ndivyo havifufuki. Kwa hiyo kesho usiguse injini kabisa. Nenda na tochi, bisibisi bapa, brashi ya waya na chaki.

Kaka: Chaki ya nini mjomba?

Mjomba Fundi: Namba ya chesisi. Imegongwa kwenye reli ya mbele, anza kuitafuta upande wa kulia. Sugua kutu, paka chaki, kisha futa juu juu kwa kiganja. Chaki inabaki kwenye mikwaruzo ya namba na utaisoma vizuri. Piga picha, linganisha na kadi. Tarakimu moja ikipishana, aga urudi nyumbani.

JUMAMOSI

Kaka: Namba imesomeka, inalingana na kadi yote! 📷

Mjomba Fundi: Vizuri. Sasa bisibisi. Ingia chini, chokoa kila nguzo ya bodi inapokutana na chesisi, halafu sanduku la betri na chini ya mlango wa nyuma.

Kaka: Nguzo za mbele ngumu. Nyuma kushoto bisibisi imezama yote. Sakafu siti za mwisho mbao inabonyea ukikanyaga.

Mjomba Fundi: Sakafu ni mbao, inabadilishwa. Nguzo moja au mbili fundi wa kuchomelea anaweka chuma kipya. Reli za chesisi zenyewe?

Kaka: Nimezigonga kwa nyundo kama ulivyosema, zinalia safi mwanzo mpaka mwisho. Kutu ya juu tu. Tairi nazo zimejaa upepo, nne hazijalala hata kidogo.

Mjomba Fundi: Tafuta ubavuni duara dogo lenye tarakimu nne mwisho wa herufi za DOT.

Kaka: 2308

Mjomba Fundi: Wiki ya 23, mwaka 2008. Hizo hata zikiwa na kashata (meno ya tairi) zote hazibebi abiria. Zitumike kulisogeza uani tu. Na hizo rimu naona ni za ringi, ile pete ya chuma inayoshikilia tairi, kwa hiyo asije mtu akajaza upepo amezichuchumalia. Ringi iliyoliwa na kutu ikichomoka inaua. Kwenye kizimba, au mnafunga mnyororo, na anayejaza anakaa pembeni na mpira mrefu.

Mama Mdogo: Mie nauliza karatasi. Kadi ina jina la nani?

Kaka: La mwenye basi, ambaye ni marehemu. Anayeuza ni mwanawe mkubwa.

Mama Mdogo: Basi hapo simama. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mamlaka ya kuuza. Amefungua mirathi? Ana hati ya mahakama ya kumteua msimamizi? Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, kesi za namna hii nimezibeba mikononi: mtu kalipa kwa mrithi mmoja, wa pili anatokea na askari gari likiwa gereji. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi peke yake, na warithi wengine wajue.

Kaka: Amesema hawajafungua, ila wote wamekubaliana.

Mama Mdogo: Wamekubaliana leo. Waende Mahakama ya Mwanzo, wateue msimamizi, ndipo tuandikishane mbele ya wakili. Tutangoja.

Kaka: Na deni la rodi laisensi la miaka yote hiyo?

Mama Mdogo: Ada ya kila mwaka ilifutwa 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Lakini kabla ya kulipa nenda na namba ya gari TRA (mamlaka ya mapato) waangalie kama kuna chochote kimening'inia. Usiulize mtu wa mtaani.

Mjomba Fundi: Dada amemaliza. Nami naongeza: mwambie muuzaji ukweli wa nguzo na tairi, umwonyeshe. Hiyo bei itashuka bila kugombana.

(Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Msimamizi aliteuliwa, warithi wakasaini, bei ikatua milioni 8 na nusu. Binamu akatuma mchango wake kutoka Muscat, sisi wengine tukajazia.)

JUMANNE

Kaka: Ni letu! Fundi wa hapa kaja na betri mbili mpya, anasema tupige stata tuone kama ni nzima.

Mjomba Fundi: MWAMBIE ASIGUSE STATA. Chomoa waya za betri sasa hivi.

Mjomba Fundi: Sikilizeni. Pete za pistoni zimekaa mahali pamoja miaka yote hiyo. Kama zimeshikana na laina (ukuta wa silinda) kwa kutu, stata ya volti 24 haiulizi, inalazimisha. Utavunja pete au utachana laina. Toeni noseli (vipulizia dizeli) zote sita. Kila silinda mimina oili nyepesi yenye dizeli kidogo, iache ilale. Kisha mtaimbo kwenye meno ya flaiwili, mzungushe kwa mkono, mbele kidogo nyuma kidogo.

Binamu Muscat: Baba, si wang'oe tu waweke injini mpya ya Kichina? Siku mbili kazi imekwisha.

Mjomba Fundi: Mwanangu, kadi ina namba ya injini pia, ukibadilisha unaanza safari nyingine TRA. Vishikio havitalingana, propela haitalingana, giaboksi itadai bamba la kuunganishia. Na Babu yako aliendesha injini hii. Kama inaweza kupona nataka ipone hii.

Mama Mdogo: Bibi kaitikia kwa sauti 😀 Anasema Babu kila alfajiri alikuwa anafungua vikoki vya matangi ya upepo wa breki amwage maji kabla hajanywa chai, na kikombe chake kilikuwa kinanuka dizeli.

Mjomba Fundi: Ndiyo maana nina matumaini na breki zake.

ALHAMISI

Kaka: IMEZUNGUKA! Jana iligoma kabisa, leo ikasogea jino moja, mawili, sasa inazunguka mzunguko mzima kwa mtaimbo.

Mjomba Fundi: Alhamdulillah. Sasa nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ifungue taratibu uangalie kinachotangulia.

Kaka: Yametangulia maji, kama kikombe, halafu oili nyeusi.

Mjomba Fundi: Hayo ni ya mvua iliyoingia kwa bomba la moshi, yamekaa chini peke yake. Ningeogopa kama ingetoka rangi ya chai ya maziwa. Lakini tuhakikishe. Laina za hii injini zimezungukwa na maji, na chini zimezibwa kwa oringi za mpira. Mpira ukikauka, maji yanashukia sampu. Acha nati wazi, weka beseni safi chini, jaza rejeta, mkalale.

IJUMAA

Kaka: Beseni kavu! Mpaka nimepapasa kwa kidole.

Mjomba Fundi: Basi oringi zinashika. Fungeni nati, oili mpya, filta mpya. Dizeli ya tangini msiitumie hata tone. Tumieni dumu na mpira, pampeni kwa mkono kwenye fidi pampu huku skrubu ya juu ya filta iko wazi, mpaka itoke bila povu.

Mjomba Fundi: Na hili mlisome mara mbili. Reki ya pampu ya dizeli, inayopimia injini mafuta, inaweza kuwa imeshika ikiwa wazi. Injini ikiwaka hivyo inapanda spidi yenyewe na kuzima kwa kawaida hakufanyi kazi. Chezesheni waya wa kuzimia mpaka mkono wa pampu urudi wenyewe. Halafu mtu mmoja asimame na ubao mpana penye mdomo wa bomba la kuvutia hewa, auzibe injini ikikataa kuzima, kazi yake iwe hiyo tu. Ubao, siyo kitambaa. Kitambaa kinamezwa.

Kaka: Ubao ninao mimi.

Mjomba Fundi: Kwanza zungusheni kwa stata mkiwa mmevuta waya wa kuzimia, mpaka geji ya oili ipande. Ndipo muuachie waya iwake.

Kaka: 🎤 0:41

Mama Mdogo: Jamaniiii! Bibi kanyanyuka kitini!

Binamu Muscat: Hiyo ndiyo yenyewe?? Mbona imetulia hivyo

Kaka: Moshi mweupe mwingi mwanzoni, sasa umekata. Geji ya oili kilo 4. Mjomba, mikono inanitetemeka.

Mjomba Fundi: Upepo?

Kaka: Unapanda, umefika 7. Lakini gurudumu la nyuma kushoto limekataa kuachia. Fundi anataka kufungua boosta ya breki.

Mjomba Fundi: ASIIFUNGUE. Ndani mna springi iliyobanwa, kifuniko kikiruka kinaondoka na mtu. Kama springi haikurudi, irudisheni kwa boliti yake ya nyuma. Mimi nadhani imeachia na ni vitambaa vya breki vilivyoganda kwenye dramu. Gonga dramu pembeni kwa nyundo, izunguke.

Kaka: Na ile biashara ya kukodisha, harusi na misiba? Watu wameshaanza kuniuliza.

Mjomba Fundi: Waambie bado. Nguzo, sakafu, tairi sita, breki zote nne zivuliwe, waya zilizotafunwa na panya. Kisha ukaguzi wa trafiki, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na kile kifaa chao cha kufuatilia mwendo. Hapo ndipo atapanda abiria wa kwanza.

Mama Mdogo: Wa kwanza ni Bibi. Siti ya nyuma ya dereva.

Kaka: Dramu imelia PAA, gurudumu linazunguka!

Mjomba Fundi: Safi. Sasa zima, umwage hiyo oili ikiwa bado ya moto, uniletee picha ya filta ukiwa umeichana.